Asubuhi Uliyokuja Kutukomboa

Mpendwa kaka yangu,

Kamwene huko uliko. Juzi nilikuwa dukani Nyololo, nikamkuta mwalimu mmoja akijibizana na redio. Alisema mataifa makubwa yakipeleka majeshi kuwaondolea watu watawala wabaya, ili wajichagulie wenyewe, dunia itatulia. Alisema vizuri, ulimi anao. Mimi nilichukua chumvi yangu nikaondoka, maana nilikukumbuka wewe, nikacheka njia nzima.

Ulirudi kutoka vita vya Waingereza huko Malaya, ng'ambo ya bahari, na kofia yako ya askari, hukuivua hata wakati wa kula. Nilikuja nyumbani kuwasalimu, nikakueleza jinsi jumbe wa huku nilikoolewa anavyotulimisha shamba lake kabla ya yetu, na anayekataa anachapwa viboko. Nililalamika kama dada anavyomlalamikia kaka yake. Wewe ukasikia tarumbeta ya vita.

Wiki ile ile ukaja na vijana wa nyumbani, mikuki na marungu mkononi, ukungu haujainuka. Ukaita kutoka ng'ambo ya kijito, "Tumekuja kuwakomboa. Tokeni mchague jumbe wenu."

Wakatoka kweli, wanaume wote, lakini kuja kuwazuia ninyi. Hata mzee aliyekuwa amechapwa, mgongo haujapona, alisimama na upinde mbele ya mlango wa jumbe. Jumbe mwenyewe alijifungia ndani. Mume wangu, baba Neema, alishika mkuki akakutazama wewe, shemeji yake. Neema alikuwa mgongoni kwangu. Niliona wazi kwamba nitabaki mjane au nitakosa kaka.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeshuka hadi kijitoni. Akakuuliza kwa upole, "Baba, togwa ya kuwaita kawaletea nani?"

Kwetu hata shamba la jirani limezwe na magugu, huligusi mpaka mwenyewe akuletee togwa ya mwaliko. Ukiingia na jembe bila kuitwa, unahesabiwa mwizi.

"Mama, dada yangu alilia," ukasema.

"Kulia amelia. Kuita hajaita."

Ukaketi kwenye majani, ukavua kofia. Nikakuletea maji, ukaniambia polepole, "Kule Malaya nako tulisema tumekuja kuwalinda. Kina mama wakituona wanaficha watoto. Nikadhani hawajatuelewa."

Jumbe tulimtoa wenyewe. Msimu uliofuata alipotuita shambani kwake, hakwenda mtu, na wazee wakamfuata chifu mpaka akachoka kuwasikiliza, akamwondoa. Haikuwa rahisi, viboko vingine tulivila. Lakini hakuna aliyezikwa, na jumbe wa sasa tulimpendekeza sisi.

Labda zipo nchi ambako watu wanaita kweli, na kuwaacha ni dhambi. Hilo sijui, kaka, namwachia mwalimu na redio yake. Ninachojua ni kwamba siku ile nusura tumpende jumbe kwa sababu yako.

Homa ya mapafu ilikuchukua ukiwa kitandani kwako, umezungukwa na watu wako. Nimekulilia sana, lakini kila nikimaliza kulia moyo unatulia, nashusha pumzi. Kaburi lako lilichimbwa na baba Neema. Vijana walitaka kumpokea jembe, akawakatalia mpaka akamaliza.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako,
mama Neema