Kuponi za Bi Verna

Loretta, niko garini nje ya duka na nimeshindwa hata kuwasha gari. Aibu niliyoipata leo sina pa kuiweka.

Unazijua zile kuponi ninazochomoa kwenye gazeti la Jumapili analoachiwa mlangoni jirani yangu, Bi Verna, kabla hajaamka. Usinianze. Mwaka mzima najiambia bibi wa miaka themanini hana shughuli nazo.

Sasa wiki hii kuna ya kahawa, ukinunua kopo moja unapewa la pili bure. Nikampa keshia, nikasimama nimetulia kama mtu aliyetoka kanisani.

Keshia akaigeuza. Akaniangalia. "Dada, wewe ndiye Joanne?"

Nikamwambia ndiyo, kuna nini?

"Umeandikiwa hapa nyuma."

Nyuma ya kuponi, Loretta! Mimi huchomoa tu, sigeuzi. Na akaisoma kwa sauti, foleni nzima inasikiliza, mke wa mchungaji wetu akiwemo:

"Joanne, kopo la pili ni langu. Verna."

Kopo la pili ni langu. Mke wa mchungaji alicheka mpaka akashikilia toroli.

Mimi nikauliza kama kuponi bado inafaa. Ndiyo, niliuliza. Inafaa.

Nimempigia Bi Verna sasa hivi kuomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Lete kahawa, maji yameshachemka. Na Jumapili gonga mlango, mwanangu. Nimechoka kuamka alfajiri kukuchungulia."