Nimemwambia Mwanangu Ataletewa Miwani

Bi Laila, assalamu alaikum. Nisaidie, maana tangu nitoke hospitali sijielewi.

Mimi ni Moza, mkulima wa mwani, Micheweni. Binti yangu Safaa ni kiziwi wa kuzaliwa, tunazungumza kwa mikono, na ameposwa na Ridha wa Kengeja, fundi cherehani aliyejifunza lugha ya alama kwa ajili yake. Siku walipoleta posa, Safaa alipita na sinia la chai mchana kweupe akamkanyaga mtoto aliyekuwa akitambaa miguuni pake, chai ikamwagika, nami nikamgombeza mbele za watu, na kumbe siku nyingi jua likizama hupapasa kuta, sisi tukisema ana jini. Shangazi yake alitaka aganguliwe, mimi nikampeleka kwa daktari wa macho.

Daktari akampima, kisha akaniuliza kama babake ni ndugu yangu. Nikasema ni mtoto wa ami yangu. Akaniambia, "Mama, uziwi na macho haya ni ugonjwa mmoja, unaitwa Usher. Haoni pembeni, ni kama anachungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba."

Safaa akauliza kwa mikono, "Amesemaje?" Nikamjibu ataletewa miwani. Sasa kila siku ananiuliza inakuja lini, harusi ni baada ya Idi, babake anasema tunyamaze mpaka aolewe, na mimi chakula hakipiti. Nifanyeje?

*

Moza, pole sana. Ugonjwa umenishtua, hiyo miwani imenishtua zaidi.

Hapana jini hapo. Maradhi yametoka kwenu wote wawili bila ya kujua, usijihukumu kwa hilo. Lakini Safaa ni mtu mzima na macho ni yake. Giza likizidi atadhani anapata wazimu, na wewe unajua. Unamnyima muda wa kujifunza kutembea na fimbo na kuzungumza kwa kugusana mikono, angali anaona. Na mumeo mwambie kumuozesha mtoto kwa kuficha si stara.

Kesho asubuhi kaa naye penye mwanga, mbele yake kabisa, umwambie yote, na kwa ile miwani umtake radhi. Kisha rudini kwa daktari pamoja na mkalimani, aulize mwenyewe anachotaka kujua. Ridha ataambiwa na Safaa. Siku hiyo wewe kaa karibu, na mikono yako uiweke mapajani.