Osenkampu Wangapi Wapo Korogwe?

Ibra, Omani
Mwezi wa Shaabani, 1978

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee hii pamoja na zote nilizochelewa kukuletea tangu baada ya Idi. Mguu wako unaendeleaje, bado unavimba ukisimama sana? Na kifua cha Mwajuma kimetulia? Sisi huku miili yetu mizima. Mimi, mke wangu Zuwena na mwanetu Rahma hatuna homa wala kikohozi, na joto la Ibra limeshatuzoea, maana sisi tumeshindwa kulizoea.

Mwajuma, dada yangu, wewe unayemsomea Mama, funga kwanza mlango wa uani. Soma polepole, wala usiruke pahala kwa kumwonea huruma. Barua hii nimempa mkononi Bibi Asha, jirani yetu mzaliwa wa Pangani, anayekuja kuwaona ndugu zake. Sikutaka ipite posta.

Mama, naogopa. Sijui mtu mzima aliseme vipi neno hili, ila ndilo lenyewe. Gari ya serikali ikisimama nje ya nyumba, naliacha tonge sahanini. Juzi ilisimama, akashuka dereva kuomba maji ya kutia kwenye rejeta, nami nilikuwa nimeshajificha nyuma ya mlango wa choo.

Jambo lenyewe ni jina letu, Osenkampu.

Nilikuja huku kwa karatasi ya kampuni ya barabara, karani wa stoo, unalijua hilo. Sasa barabara inakaribia kufika Sur. Ikifika, kampuni inavunja kambi na karatasi yangu inakwisha. Wenzetu waliotoka Unguja na bara wengi wamepata paspoti za hapa, na njia yao ni moja: shekhe wa kabila lako anatia muhuri kwamba wewe ni wao. Huna muhuri, wewe mgeni, na mgeni huondoka. Mkwe wangu, mama yake Zuwena, ameshanipa neno lake. Alikuwa anasonga ugali wa ngano wala hakugeuka.

"Mwanangu Nasoro, mie sina ubaya na weye. Lakini Zuwena hatoki tena hapa. Tulitoka Unguja na nguo za mwilini, hatwendi kuanza upya kwengine. Ukirejeshwa, rejea salama. Mtoto atabaki na mamake."

Zuwena alikuwepo, anachagua mchele. Hakunyanyua uso. Akaendelea kutoa chuya moja moja.

Nani alinishtua kwanza kuhusu jina? Mdachi mmoja wa Ujerumani, Bwana Dieter, mpima barabara wetu. Aliliona limeandikwa kwenye kofia yangu ya kazi, akasimama kama aliyeona kitu chake kwenye duka la mtu. Akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia kama Babu Seif alivyokuwa akitusimulia: kwamba yeye ni mwana wa Khamis, Mwarabu wa hapa hapa Ibra, aliyekuwa na duka mbele ya shamba la katani la Mdachi, kwamba Khamis alikufa kwa homa Babu hajaachishwa ziwa, na yule Mdachi akamchukua pamoja na mamake, akamlea pale shambani. Mdachi akiitwa Osenkampu, na shamba lake likiitwa vivyo hivyo. Babu akaandikishwa kwa jina hilo, kisha marehemu Baba, kisha mimi. Bwana Dieter akasema hajapata kulisikia jina hilo maisha yake, ila kwa sura yake ni la kwao, na akienda likizo ataulizia.

Akaenda, akarudi na majibu. Nilitamani angeyasahau huko huko.

La kwanza lilinifurahisha. Alisema Osenkampu, kwa lugha ya zamani ya wakulima wa kwao, ni uwanja wenye ua wa kufungia maksai. Huko kwao palikuwa na shamba la jina hilo, na desturi ya watu wa pale ni kwamba jina ni la shamba, halifuati damu. Anayeishi pale na kulima pale ndiye Osenkampu. Hata mwanamume akioa binti wa shamba na kuhamia, huliacha jina la baba yake akachukua la shamba. Mama, nilitaka kumkumbatia yule mtu. Nikasema moyoni, basi Babu naye alipewa jina la shamba alilokulia, yamekwisha, sisi ni watu wa Khamis.

Lakini hakuishia hapo. Kwenye posta za kwao huwekwa vitabu vya simu vya nchi nzima, naye akashinda humo akitafuta. Akawakuta Osenkampu wa leo, nyumba za kuhesabika kwa vidole, zote upande mmoja wa nchi karibu na mpaka wa Uholanzi, pale pale lilipokuwa shamba. Kwengine kote, hakuna. Akaniambia kwa furaha kwamba jina letu ni adimu kuliko majina yote aliyoyajua, na angekuwa mimi angejivuna. Yeye alikuwa anacheka, mimi nikaivua kofia yangu nikaligeuza jina ndani. Lingekuwa jina la kila mtu, kama Juma au Ali, ningesema limeokotwa njiani. Jina la nyumba chache hivyo halizagai. Limetoka mkononi mwa mtu mmoja, na mtu yule alikuwa na sababu ya kumpa Babu.

Tena alipiga simu nyumba mojawapo. Akapokea bibi kizee. Akakubali kwamba ndiyo, mmoja wao alikwenda Afrika kulima katani, akafukuzwa na vita, akarudi akazeekea kwao. Bwana Dieter akamuuliza, je, alikuwa na mtoto huko? Yule bibi akasema chungu chake kinaungua jikoni, akakata.

Nikakaa na habari hizo tumboni mpaka shemeji yangu Harith, kaka yake Zuwena, aliyeajiriwa serikalini Nizwa, alipokuja kunichukua twende kwa shekhe. Harith alikuwa ameshanisemea. Kilichobaki ni kwenda kuonekana uso, kunywa kahawa na kutiwa muhuri. Njiani akinitania kwamba mtu wa bara hajui hata kufunga kilemba, na kweli alinifunga yeye.

Tukaingia kwenye sabla, ile baraza yao ya wanaume. Nikavua viatu, nikawapa watu mkono mmoja mmoja kuanzia kulia, nikakaa. Tende zikaja, kahawa ikaja. Halafu shekhe akanielekea mimi mgeni, akauliza kwa Kiarabu: "Shay ulum? Shay akhbar?" Yaani, kuna habari gani.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Desturi yao, mgeni akiulizwa hivyo hujibu kwamba hakuna habari, hakuna jipya. Jambo lililomleta husemwa baadaye, kwa faragha, na pengine humsemea aliyekuja naye. Na mimi mtoto wa Korogwe, ambako mtu nyumba yake inaungua na ukimuuliza habari anakwambia njema, ningejibu kama tulivyozoea tu, na yangepita. Lakini nilikuwa na woga tangu asubuhi. Nikadhani ndiyo kesi imefunguliwa.

Nikasema yote, Mama. Kwa Kiarabu changu cha kuitishia nati na saruji, nikawasimulia Babu, na Mdachi, na katani, na jina, na vitabu vya simu. Harith ananivuta kanzu, mimi naongeza mbio. Nilipomaliza, mwenye kumimina kahawa alikuwa amesimama na birika mkononi, hajui ampe nani.

Shekhe akasema, "Kunywa kahawa yako, mwanangu." Akasema kwa Kiswahili, maana ujana wake wote aliishi Unguja.

Watu walipopungua akatuita pembeni. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo.

"Khamis huyo tunamjua," aliniambia. "Katoka hapa kijana, kenda bara, hakurejea wala hatukusikia kama kaacha mtoto. Shemejio aliponambia habari zako mie n'shakukubali. Ungalinyamaza, ningalitia muhuri leo leo. Sasa ushanena mbele ya wanaume wote wale kuwa babuyo kalelewa na Mdachi na jina kampa yeye. Nikitia muhuri hivi hivi, kesho wataniuliza. Basi tabsili ikisha, njoo. Utaweka mkono juu ya Msahafu useme, babu yangu Seif ni mwana wa Khamis, damu yake. Ukishaapa, wallahi, hakuna atakayekuuliza tena."

Tabsili ni ile kazi yao ya kuchemsha tende ambazo hazijaiva katika masufuria makubwa ya shaba, kisha kuzianika. Ndiyo msimu wake sasa, na moshi umetanda kuanzia hapa mpaka Al Qabil. Watu wanaimba makondeni. Mimi kila nikiona sufuria limeepuliwa naona siku yangu imesogea.

Tukiwa garini Harith akanambia, "Bwana we, apa tu. Weye hujui, na asojua hana dhambi. Bas."

Labda kweli hana. Lakini Babu mwenyewe ndiye aliyetufunza, mimi na Mwajuma tumekaa miguuni pake, kwamba yamini ya uongo huiacha nyumba tupu. Nyumba yangu ni Zuwena na Rahma. Nikiapa nisilolijua ili nisiwapoteze, naogopa Mungu asije akawachukua kwa njia nyengine. Namwangalia Rahma akilala mchana, nasikiliza anavyopumua, na wala haumwi.

Na Rahma ana yale macho. Sikukuandikia zamani, nilitumaini yatabadilika. Ana macho ya Babu, yale yasiyokuwa meusi wala si ya kahawia, ya rangi ya maji ya kisimani jua likiingia. Wanawake wa hapa wakimwona huuliza, mashaallah, macho haya ya nani? Zuwena huwaambia ya kwao. Wapo Waarabu wenye macho hayo, nimewaona kwa macho yangu milimani Jabal Akhdhar, na kila nilipomwona mmoja nilimshukuru Mungu siku nzima. Kisha siku ya pili namtazama Bwana Dieter, naye anayo.

Kuna jengine, Mama, nalo silitaji kwa kukulaumu. Nilipokuwa chuoni nasoma Kurani, wenzangu waliniimba mtoto wa Mdachi, mtoto wa Mdachi. Nikaja nyumbani nikakuuliza, Babu ni mtoto wa Mdachi? Ukanipiga kofi. Hukuwahi kunipiga kabla ya siku ile wala baada yake. Nimelichukua kofi lile mpaka huku, na sasa kila siku najiuliza lilikuwa la mtu aliyesikia upuuzi, au la mtu aliyesikia siri imetoka.

Sasa nakuuliza tena, na safari hii uko mbali, huwezi kunifikia. Korogwe na vitongoji vyake vyote, yupo Osenkampu mwengine asiyetoka mlango wetu? Kama jina lilikuwa la shamba, kama ilivyo desturi ya kwao, basi lingewashika na watoto wa mnyapara, na wa mpishi, na wa wakata mkonge. Wote walizaliwa pale pale. Nimejaribu kuwakumbuka niliocheza nao, mmoja mmoja, na baba zao walivyoitwa. Simpati hata mmoja. Labda walikuwepo wakahama. Labda waliliacha Waingereza walipoingia, wasije wakaonekana watu wa Wadachi. Wewe uliingia pale mwari, umewajua wazee wao.

Kama walikuwepo, nitajie walivyoitwa na walikohamia. Kama hawakuwepo, ila sisi tu, niandikie hivyo hivyo. Nitamwendea shekhe nimwambie siwezi kuapa, nami nitarudi kwenu nikalime.

Ninayemwogopa zaidi, Mama, si shekhe wala mkwe wangu. Nakuogopa wewe. Ukisikia mwanao yuko mahali atakapoumia, wewe utasema uongo umekaa juu ya msala. Utaniandikia walikuwa wengi, walijaa tele, huyu fundi, huyu mvuvi wa mtoni, na wote wameshakufa. Na mimi nitakuamini, maana sitaki kingine duniani ila kukuamini, na nitakwenda kwenye sabla ile niuweke mkono wangu juu ya Msahafu kwa neno lako. Kwa hiyo kabla hujamwambia Mwajuma ashike kalamu, mfikirie Rahma.

Msalimie Mjomba Rajabu mwenye cherahani, mwambie kanzu aliyonishonea ndiyo niliyovaa siku ile na haina kosa. Msalimie Shangazi Mwanahawa, dada yake marehemu Baba, lakini yeye usimuulize kitu, hajui kuficha uso. Mpe salamu na maalimu wangu wa chuo. Zuwena anakuamkia, amesema nikuandikie hivyo, na hilo ndilo neno refu aliloniambia wiki hii.

Kaburi la Babu lipalilieni. Sina hasira naye. Alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito, na jibu lolote litakalokuja, mgongo ulionibeba ni ule ule.

Mwanao, na kwa hili siulizwi shahidi,
Nasoro