Geji Mbili Zilizopanda Pamoja

Somanda, Bariadi

Mjukuu wangu Minza,

Mwangaluka. Huku mvua imenyesha na shangazi yako ameshapanda pamba. Mimi ni mzima.

Umeniuliza kwa nini nahangaika na geji za gari hili kuukuu. Zamani nilimpakia bibi yako kutoka Ipililo kwenda hospitali, ana uchungu wa kumzaa baba yako. Njiani geji ya joto na ya mafuta zikapanda pamoja. Nikasimama, nikidhani injini inachemka.

“Mafuta nayo yameongezeka,” bibi yako akasema. “Nani kayajaza njiani? Hizo zinadanganya. Endesha.”

Tukafika salama. Kumbe iliyokufa ni reguleta, kile kidude kinachopimia geji umeme. Sikuitengeneza miaka yote. Badala ya geji, nilikuwa namuuliza bibi yako.

Juzi nimeunda nyingine kwa vipuri vya redio mbovu. Nilipowasha gari, mshale ulitulia kwenye nusu. Nikachovya kijiti kwenye tangi, kweli nusu. Nikageuka kumwambia bibi yako, kama vile hatujamzika.

Ukipata likizo, njoo tuzunguke mjini. Utakaa mbele.

Babu yako