Habari za Okara Nilizokuficha

Minabe, Wakayama,
Tarehe 4 Agosti 2013.

Mpendwa mjukuu wangu Natsuho,

Hujambo huko Hokkaido? Unakula? Unalala? Ng'ombe wa chuo hawajakukanyaga? Mama yako anasema kwenye picha umekonda, mimi nasema ni hiyo ovaroli, hakuna binadamu anayeonekana mnene ndani ya gunia. Natumaini mitihani imekwisha salama, maana nilihesabu siku kwenye kalenda ya duka la mbolea mpaka nikafika Ijumaa iliyopita, nikasema basi, sasa mtoto anaweza kusoma barua.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto, lile nililolipiga chini nikishona mikeka ya tatami ya watu miaka hamsini, linanitukana kila nikipanda ngazi. Baba yako anakoroma vilevile. Mama yako hajambo, ila tangu jana hasemi na mimi. Ananiwekea bakuli la wali mbele yangu kama anayemlisha mbwa wa jirani. Sababu utaijua sasa hivi.

Plamu za mwaka huu zilikuwa kubwa, mvua ilizipenda. Tumezianika siku zake tatu kwenye nyungo, zimekauka vizuri, zimo kwenye mtungi. Usiningoje nikutumie. Siwezi hata kuufungua huo mtungi.

Mjukuu wangu, kama unasoma hii umesimama zizini, toka nje ukakae.

Okara anaumwa. Sungura wako anaumwa tangu mwisho wa Juni. Alipasuliwa tumbo tarehe kumi na nane Julai. Jumapili zote ulizopiga simu ukaniuliza, "Babu, Okara hajambo?" nami nikakujibu, "Ananenepa kuliko mama yako," nilikuwa nakudanganya. Na ile mara uliyopiga katikati ya wiki nilikwambia amelala, nisimwamshe. Hakuwa amelala. Alikuwa hospitali. Mama yako ndiye aliyesema usiambiwe kabla ya mitihani, lakini usimkasirikie yeye. Yeye alisema ninyamaze tu. Hadithi za kunenepa nilizitunga mwenyewe.

Nikueleze ilivyoanza. Unajua siku ile ya kusugua majani ya shiso mekundu na chumvi ili tuyatie kwenye plamu, mikono yangu hukaa wiki nzima kama ya mchinjaji. Safari hii mabua na majani yaliyobaki nilimpa Okara. Aliyala kama mlevi aliyeonyeshwa karanga. Kesho yake karatasi ya kwenye tundu lake ikawa nyekundu.

Mama yako akaniita. "Baba, mbona mkojo wa Okara mwekundu?"

"Ulitaka uwe wa kijani? Nitazame mikono."

"Lakini ni mwekundu sana, Baba."

"Na shiso nayo ilikuwa nyekundu sana, Yoshie. Nenda kapike."

Tukacheka wote wawili. Siku ya tatu ukawa mwekundu tena, nikasema majani bado yamo tumboni. Wiki ya pili nikasema ameiba mengine kwenye ndoo, na nikaenda nikatafuta mpaka nikapata jani moja chini ya meza, nikampelekea mama yako kama polisi aliyepata kisu. Sikutaka kuwa nimekosea, basi. Mzee mzima, natia plamu chumvi tangu niko mgongoni mwa mama, nisijue rangi ya shiso?

Wiki tatu, Natsuho. Asubuhi ya tarehe kumi na tano nilitikisa mfuko wa nyasi kavu, ile sauti inayomfanya akurupuke kama mwizi. Hakuja. Nilimkuta pembeni amejikunja kama bonge la mochi ya mchele, macho nusu, anasaga meno. Nilisikia kabisa, krr, krr. Na chini yake palikuwa na donge jeusi, limeganda. Hakuna jani duniani linaloganda hivyo.

Yule daktari wa wanyama wa Tanabe alifungua kifuniko cha boksi, akakifunga. "Mzee, mimi ni wa mbwa na paka. Sungura nikimgusa vibaya tu, anakufa mkononi." Nilitaka kumtukana, halafu nikaona angalau huyu anajua asichokijua, tofauti na mimi. Akatuelekeza kwa daktari mmoja mwanamke, Dokta Enomoto, huko Wakayama mjini. Mama yako aliendesha gari kana kwamba tumeiba benki. Boksi lilikuwa mapajani mwangu, na njia nzima nilikuwa natia kidole kwenye tundu kuhakikisha pua yake inacheza.

Dokta Enomoto ni kijana, nywele kazikata kama mvulana, na hana utani hata chembe. Nilimweleza habari za shiso. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mzee, majani hupaka mkojo wote rangi moja, kama chai. Hii ni damu. Ona, iko madonge madonge. Umeiona kwa muda gani?"

Nikasema siku chache. Mama yako, pale pale nyuma yangu, akasema, "Wiki tatu, dokta."

"Aliondolewa kizazi?"

"Anaishi peke yake," nikamwambia. "Angezaa na nani, na mto wa kulalia?"

Hakucheka. Alisema sungura jike akiachwa na kizazi chake, akishafika miaka minne au mitano, kizazi hicho mara nyingi humgeukia kikamletea uvimbe mbaya. Alisema zamani ingekuwa operesheni ndogo tu.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Machi ya mwaka juzi, wiki moja kabla hujaenda chuoni, ulileta ile karatasi ya hospitali mezani, ukasema, "Babu, nataka Okara aondolewe kizazi kabla sijaondoka, ni kwa ajili ya afya yake." Wageni walikuwepo, na mimi nilikuwa na sake mbili tatu kichwani. Nikasema, "Mnyama mzima apasuliwe kwa sababu gani? Kama mnapenda kupasua, anzeni na goti langu." Meza nzima ikacheka. Nilijiona mjanja sana. Wewe uliikunja ile karatasi mara nne, ukaitia mfukoni, ukaendelea kula. Nilikuona ukiikunja. Sikudhani kwamba ningekuja kulikumbuka jambo hilo nimesimama mbele ya daktari, nimeshika boksi tupu.

Wakampiga picha. Uvimbe ulikuwa mkubwa, na kwenye mapafu palikuwa na kitu kidogo kisichoeleweka. Dokta akasema anaweza kufia mezani, kwa kuwa sungura dawa ya usingizi huwashinda, na huyu ameshapoteza damu. Asipopasuliwa atakufa kwa kutoka damu. Halafu akauliza, "Mwenye sungura ni nani?" Nikasema mimi. Nikatia sahihi. Huo nao ulikuwa uongo, na safari hii wa maandishi.

Siku ya operesheni tulingoja kwa saa mbili na nusu. Karibu nasi alikaa bibi mmoja na kobe wake ndani ya beseni, akaniuliza wangu ana nini. Mimi, ambaye hata msibani hukosi kunisikia nikitania, sikutania. Nikamwambia, "Ni wa mjukuu wangu." Akaitikia kwa kichwa tu, kama aliyeelewa.

Dokta alipotoka alisema yuko hai. Nikaomba nionyeshwe kilichotolewa. Mama yako akasema, "Baba, acha." Sikuacha. Kilikuwa kwenye sinia la chuma, Natsuho, kama shada la zabibu zilizooza, kizito kuliko kichwa chake. Nilitaka nikione ili nisije nikajidanganya tena kwamba ni shiso.

Baada ya hapo ndipo shida yenyewe. Unajua kuliko mimi kwamba sungura asipokula matumbo yake husimama, na yakisimama anakwisha. Alirudi nyumbani tarehe ishirini, tumbo limenyolewa, limeshonwa nyuzi za bluu, kavalishwa kijishati kama mtoto mchanga. Hakula. Ikawa kila baada ya saa nne namfunga taulo, namtia uji wa nyasi mdomoni kwa bomba la sindano. Nusu alinitemea usoni. Alining'ata kidole gumba mpaka mfupani. Nilikatakata unyasi mbichi wa tatami, ule wa kijani unaonukia, nikakumbuka alivyokuwa akinilia ukindo wa mikeka ya wateja mpaka nikamtupia kiatu. Nikamwekea puani. Akageuza uso.

Tarehe ishirini na moja ni siku ya kumkumbuka marehemu bibi yako, na mtawa alikuja kusoma sala kama kila mwezi. Unamjua, yule anayeimba kama mbu aliyefungiwa ndani ya debe. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya madhabahu ya bibi yako, Okara yuko kwenye taulo ubavuni mwangu, ana siku ya tatu hajapata choo. Katikati ya sala nikahisi kitu kwenye paja. Nikatazama. Kavi kamoja, kadogo, kama punje ya pilipili manga.

"Amekunya!" nikapiga kelele.

Mtawa akasimamisha sala. "Nani?"

"Endelea, Mheshimiwa, si wewe."

Mama yako alitoka jikoni mbio, akapiga magoti, akakashika kavi kale kwa vidole vyake na kulia. Nilikwenda kwenye simu nikamwambia Dokta Enomoto, na nadhani safari hiyo alicheka, ingawa alijitia kukohoa. Kesho yake akala jani moja la figili. Nilidhani tumeshinda. Jumapili iliyofuata ulipopiga simu nikakwambia tena ananenepa, na moyoni nilisema, ah, nusu ya uongo huu sasa ni kweli.

Alhamisi iliyopita, tarehe mosi, tulirudi kutolewa nyuzi. Kidonda kimefunga vizuri. Wakampiga picha nyingine. Dokta akaibandika kwenye taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kile kitu kidogo cha mapafuni sasa ni vitu vitano. Kizazi kimetolewa, lakini ugonjwa ulishatangulia juu.

Nikamwuliza, "Tungekuja siku ya kwanza ya ule mkojo?" Akafikiri kidogo, akasema, "Sijui, mzee. Labda ingekuwa hivi hivi." Ni mtu mwema, lakini hajui kudanganya. Mimi ninayejua nilimwona.

Amesema ana wiki chache, labda miezi miwili. Sasa hivi hana maumivu makubwa. Anakula asubuhi, anajinyoosha kwenye jua la kibarazani, akiniona na bomba la dawa ananipa mgongo na kupiga mguu chini, puu, kama mama yako. Lakini pumzi yake imeanza kuwa ya haraka. Itakuja siku atainua pua juu kutafuta hewa asiipate, na siku hiyo, amesema dokta, ni bora achomwe sindano ya kulala moja kwa moja kuliko aachwe akabwe. Na mtu lazima aseme ni lini.

Akaniuliza tena, mwenye sungura ni nani. Safari hii nikasema: ni mjukuu wangu, yuko Hokkaido, hajui kitu.

Ndiyo sababu mama yako amenuna. Yeye anataka tungoje mpaka mafunzo yako ya shambani yaishe mwezi wa tisa, usije ukaacha kazi kwa ajili ya sungura. Anasema kwa upendo, usimwelewe vibaya. Lakini mimi nimeshaamua mambo mawili juu ya Okara bila kukusikiliza wewe, la karatasi ile na la shiso, na yote mawili nilikosea. La tatu siliamui. Hata nikimwona ananitazama, siliamui. Ukisema nimpeleke, nitampeleka na nitamshika mwenyewe, sitakaa nje. Ukisema nimngojee mpaka ufike, nitamngojea. Lakini sema wewe.

Sikwambii uje. Nakwambia tu kwamba yupo.

Baba yako anakusalimu, anasema nauli usiiwaze. Nisalimie shangazi yako Chizuru huko Sapporo na watoto wake, umwambie mimi bado sijafa, asitume tena zile soksi za wazee. Mtawa naye anakusalimu, na anauliza habari za mgonjwa kila anapopita. Ameniambia atamsomea na yeye sala ikifika siku yake. Nikamwambia asome fupi.

Wazee wetu wakuangalie huko uliko, mikono yako iwe na utulivu kuliko ya babu yako, na wanyama utakaowatibu wapate mtu wa kuwaamini mapema.

Ukija, nipigie tu, nitakuwa stesheni ya Minabe hata kama treni ni ya alfajiri. Ukitaka kunitukana, nitukane pale pale stesheni, kwa sauti, watu wasikie, nitasimama nikusikilize mpaka umalize. Ila tukifika nyumbani usipige kelele. Siku hizi anashtuka.

Ni mimi babu yako, ninayekupenda hata usiponijibu,

Tokujirō Mukai