Daftari Niliyowapa

Ijumaa, jioni

Na mimi nilidhani nimefanya akili.

Askari waliingia ofisini kwetu chuoni, wanatafuta watu wa Kivu wawakamate. «Papa, leta daftari ya wanafunzi, ile inaonyesha kila mutu anatoka wapi.» Nikawapa ya zamani, ya wakati chuo kilikuwa kimoja cha nchi nzima, chenye kampasi katika miji mitatu. Wanafunzi wa wakati ule wote walishatawanyika, nikajiambia.

Mmoja akacheka. «Bon, papa, asante,» akaweka daftari kwapani.

Njiani kurudi ndipo nikamkumbuka profesa Mateso, anayefundisha hapa sasa. Alisoma kwetu miaka ile. Jina lake limo, na kijiji chake cha Kivu.

Anakaa Lubunga, ng'ambo ya mto, na leo pirogi, ile mitumbwi ya kuvusha watu, zimekatazwa kuvuka; siwezi kwenda kumwonya.

Ee Bwana, jina lile niliandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, zinasomeka vizuri.