Mtemi wa Kindai Nyuma ya Pazia

Mpendwa mshauri Bi Amne, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ijayo, maana hapa nilipo hata chakula hakipiti. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, nauza spea za baiskeli Singida Mjini, sinywi, sivuti, nina ugonjwa mmoja tu nao ni gemu. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, hata kompyuta za mtumba, na bwana mmoja jirani na sokoni anaitwa Calist alileta mbili akaziunganisha kwa waya, basi watu wawili wanapigana kadi humo ndani, gemu yenyewe tunaiita Jiji la Waya, ni mji wa miaka ijayo, taa kila kona, mvua haikatiki, watu wana mikono ya chuma, wewe unatuma Mbwa wa Chuma, mwenzako anakuletea Daktari wa Waya, hapo ndipo mnajuana. Ili tusichunguliane kadi Calist ametundika pazia katikati, mmoja anaingilia mlango wa mbele na mwingine wa uani, na kila mchezaji ana jina la bandia, mimi ni Jogoo wa Stima. Tena ameweka daftari la maoni kama yale ya maofisini, ukimaliza unaandika gemu umeionaje.

Sasa kuna mchezaji anajiita Mtemi wa Kindai, kwa jina la ziwa letu la hapa mjini, anakuja kila siku baada ya adhuhuri, namfunga kila siku, na akifungwa anailaumu gemu. Aliandika, "Gemu hii haina akili. Mji una mvua kiasi hiki na hakuna hata mmoja aliyepanda uwele." Kesho yake, "Mbwa wa Chuma apunguzwe nguvu. Haiwezekani mbwa amshinde daktari aliyesoma." Mimi kwa ujinga wangu nikatoa kalamu yangu ya kijani nikaandika chini yake, "Gemu haina kosa, Mtemi anashika kadi kama anapepeta uwele, arudi nyumbani akacheze na wajukuu," nikachora na jogoo.

Bi Amne, siku iliyofuata kalamu ikanidondoka, nikainama kuiokota, nikaona miguu chini ya pazia, imevaa makubazi ya tairi yaliyoshonwa kwa waya wa bluu. Makubazi yale mtaa mzima tunayajua, yako mlangoni mwa msikiti kila swala, ni ya Mzee Ahmadi mkamua alizeti, ambaye barazani anasema gemu ni kazi ya wasio na kazi, na ambaye mwezi huu huu nimempelekea barua ya posa kwa ajili ya binti yake Kauthar. Barua ile ilikuwa aiandike mjomba wangu Abdulrazaki, ila mwandiko wake hausomeki, nikaiandika mwenyewe, kwa kalamu ile ile ya kijani.

Kuanzia hapo nikawa najifungisha. Siku saba mfululizo nimemwachia ashinde, maana mkwe hapigwi, na nilidhani atafurahi, badala yake akaandika, "Jogoo zamani alikuwa adui wa kweli. Siku hizi ananiachia. Mtu hakuachii bure. Anataka nini kwangu?" Juzi akaniita baada ya swala, nikamwamkia, akasema, "Marahaba. Kuna rafiki yangu katukanwa huko kwa Calist na mtu anaitwa Jogoo. Wewe unaingia kule, nitafutie huyo mtu. Ukimleta Ijumaa ijayo, nitajibu barua yako." Nafikiria kumtaja Nathanaeli fundi redio, yeye amehamia Shelui kwa hiyo hawezi kujitetea. Au nihame mimi? Kauthar nampenda, Bi Amne, nikimkosa sijui nitabaki mtu wa namna gani.

Mimi Jogoo, Singida

Marahaba, Jogoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikapoa, mara ya pili nikakuonea huruma, na sasa nakugombeza.

Mwache Nathanaeli wa watu atengeneze redio zake Shelui. Mwanaume anayemsingizia mwenzake ili aoe, akishaoa atamsingizia nani? Na hiyo habari ya kuhama ifute kabisa.

Halafu hebu tumia akili kidogo. Mzee anayeshika mbegu ya alizeti akajua ina mafuta au ni maganda, atashindwa kuweka barua yako kando ya daftari? Kalamu ya kijani, mwandiko mmoja. Anakujua, mwanangu. Angekuwa hakutaki, barua ingesharudi mikononi mwa mjomba wako.

Sasa angalia siku zako mwenyewe. Ulipomtukana, hakukuita. Ulipomfunga kila siku, hakukuita, alilalamikia mbwa tu. Amekuita ulipoanza kumwachia. Amekuuliza unataka nini kwake, na jibu analo sandukuni kwake, limeandikwa kwa kijani. Kinachomuuma ni kumwona mtu anayetaka binti yake ameanza kumdanganya kabla hata hajaingia ndani. Ukiweza kumwachia yeye kadi ili akuridhie, kesho Kauthar utamwambia ukweli gani?

Kwa hiyo Ijumaa nenda, na mjomba wako awepo. Amkia vizuri, kaa chini, sema, "Mzee, Jogoo ni mimi. Naomba unifikishie radhi kwa rafiki yako, nilimkosea adabu, na tena nilimkosea nilipomwachia ashinde." Sema "rafiki yako" hivyo hivyo. Pazia usilitaje, makubazi usiyataje, hata akikuuliza kama unamjua huyo rafiki. Mkubwa akijisitiri, mdogo hamfunui.

Akishakubali radhi, Jumatatu baada ya adhuhuri rudi kwa Calist, kaa upande wako, umtume Mbwa wa Chuma kwa nguvu zote. Mkwe anaheshimiwa mbele ya pazia. Nyuma ya pazia anafungwa. Na siku atakayokufunga kihalali, andika daftarini kwamba Mtemi anajua kadi. Tumia kalamu ile ile ya kijani, ajue ni nani aliyesema.